Kumlisha mtoto njiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kwenye benchi la nje ya wodi ya watoto wachanga, kwenye simu za usiku na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mengi ni ya maziwa, lakini ukiyafuatilia utakuta yanaishia kwenye swali jingine: mama yuko wapi? Amelala jengo moja na mtoto, au anapanda daladala mbili kila asubuhi kumfuata? Ana likizo, au bosi ameshaanza kupiga simu? Kwa hiyo hapa mambo ya sera na sheria yamechanganywa na maziwa makusudi. Vipimo vilivyotajwa ni vya kukusaidia kuelewa unachoambiwa wodini. Kipimo cha mwanao kinapangwa na wanaomhudumia.

Mwanangu kazaliwa na kilo 2.1. Naye ni njiti?

Inategemea wiki. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu hata kama miezi ilitimia. Mtoto wa kilo 2.1 anaweza kuwa njiti wa wiki 34, au mtoto aliyetimiza muda wake lakini hakukua vizuri tumboni, na huyu wa pili mara nyingi hunyonya mwenyewe tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kila daktari anayekuja anakuuliza tena tarehe ya hedhi ya mwisho. Mjibu bila kuchoka. Na usijione uko peke yako: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020, karibu mmoja katika kila kumi.

Kwa nini hawaniruhusu nimnyonyeshe? Wamemwekea mpira puani.

Kunyonya kunataka mambo matatu yaende kwa zamu bila kugongana: kuvuta, kumeza na kupumua. Njiti huanza kuyapatanisha kati ya wiki ya 32 na ya 34. Akilazimishwa mapema, maziwa yanaweza kupita njia ya hewa yakaingia mapafuni. Mpira ule mwembamba, unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni, unamlisha mpaka atakapoweza mwenyewe. Hauna maana kwamba hali yake imeharibika, ingawa najua ukiuona mara ya kwanza miguu inaisha nguvu.

Kuna jambo moja la kuomba, kwa sababu usipoomba huenda usipewe. Mwambie muuguzi kwamba wakati maziwa yanashuka kwenye mpira, mtoto wako awekwe kwenye ziwa ambalo umeshalikamua. Atalinusa, atalilamba, pengine atalivuta mara mbili tatu na kulala. Hapo anajifunza, na mwili wako unapata habari kwamba mtoto yupo.

Natoa matone tu. Nina maziwa kweli?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa na mama ambaye siku mbili nzima hakuna aliyemwonyesha namna ya kukamua.

Siku za kwanza matone ndiyo yanayotarajiwa. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano mazito, huwa kidogo kwa kila mama, hata aliyejifungua kwa muda wake. Mililita mbili zilizolowesha chini ya kikombe zichukue kwenye bomba la sindano, zipeleke. Kwa mtoto wa gramu 1,200 huo ni mlo, na kama bado halishwi kabisa, matone machache yanaweza kupakwa ndani ya shavu lake. Usimwage hata tone kwa kuona aibu kwamba ni kidogo.

Anza kukamua saa ya kwanza baada ya kujifungua ukiweza, au ndani ya saa sita. Baada ya hapo kamua mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwamo. Mama wengi wanaoona maziwa yamekata wiki ya pili walikuwa wanakamua mchana tu, kwa saa za kuruhusiwa kuona mtoto. Ziwa lisilotolewa maziwa linapunguza kutengeneza, basi. Halijali mama kala nini.

Namna ya kukamua kwa mkono: nawa kwa sabuni. Pasha ziwa joto kwa kitambaa, lisugue taratibu kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pale weusi wa ziwa unapoishia, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma nyuma kuelekea mbavuni, kisha bana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi, utachubuka. Dakika tatu mpaka tano ziwa hili, kisha lile, rudia. Jumla kama nusu saa. Ikiuma, vidole vimekaa vibaya.

Uji wa pilipili manga, mtori na supu ni vizuri, kunywa. Vinakupa nguvu na maji, na mama aliyeshiba na aliyetulia hukamua vizuri zaidi. Lakini havichukui nafasi ya ule mkamuo wa saa tisa usiku.

Mtoto wa uzito huu anatakiwa kupata kiasi gani?

Wodi hupiga hesabu kwa kilo. Siku ya kwanza wengi huanza na kiasi kidogo, kwa mfano mililita 60 kwa kila kilo kwa siku au chini ya hapo kwa wadogo zaidi. Huongezwa kila siku mpaka kufika kati ya 150 na 180 kwa kilo mwishoni mwa wiki ya kwanza au baadaye kidogo. Chukua mtoto wa kilo moja na nusu aliyefikia 160: ni mililita 240 kwa siku. Akilishwa kila baada ya saa tatu, yaani mara nane, kila mlo ni mililita 30. Vijiko sita vya chai.

Uzito utashuka kwanza. Njiti hupoteza mpaka asilimia kumi hivi ya uzito wake siku za mwanzo, na wengi huurudisha ndani ya wiki mbili. Usilie kwenye mizani ya siku ya nne. Uliza kwenye mizani ya siku ya kumi na nne.

Kama haongezeki wakati maziwa unayo ya kutosha, muulize muuguzi kuhusu maziwa ya mwisho. Maziwa yanayotoka mwishoni mwa mkamuo yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo, kwa hiyo unaweza kuelekezwa kukamua ya mwanzo kwenye kikombe kimoja, ya mwisho kwenye kingine, na mtoto akaanza na haya ya pili. Mafuta hayo pia hupanda juu na kuganda kwenye kuta za chombo. Zungusha kikombe kabla ya kuvuta kwenye bomba, la sivyo sehemu iliyo bora inaishia kwenye beseni la kuoshea.

Kwa nini kikombe? Si nimnunulie chupa?

Chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha, na mabaki ya maziwa kwenye kona zake ni makazi ya vijidudu. Kikombe kidogo unakiosha kwa sabuni na kukichemsha, kimekwisha. Tena kwa kikombe mtoto ndiye anayeamua mwendo.

Mkalishe mapajani akiwa wima kiasi, umfunge kwenye kanga ili mikono isigonge kikombe. Weka ukingo uguse mdomo wa chini kidogo tu, inamisha mpaka maziwa yafike midomoni. Ngoja. Atatoa ulimi na kulamba kama paka. Usimimine. Ukimimina atapaliwa, na atakachokumbuka ni kwamba kula kunatisha. Akifunga mdomo na kulala, ameshiba au amechoka. Pima kilichobaki, kiandikwe, kipite kwenye mpira kama bado anao.

Maziwa niliyokamua yanakaa muda gani?

Utasoma saa nyingi tofauti, kwa sababu mapendekezo mengi yameandikwa kwa watoto waliotimiza muda na kwa vyumba vya nyuzi joto 25. Tandika ya Dar es Salaam au Kisauni ya Mombasa mwezi wa pili si nyuzi 25. Kwa njiti kaa upande wa tahadhari: yasizidi saa nne nje ya friji, na kama chumba kina joto kali yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji, siku mbili. Andika jina na saa kwenye plasta, bandika kwenye kikombe chenye mfuniko. Yapashe moto kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kamwe si jikoni juu ya moto. Yaliyobaki baada ya kulishwa hayarudi kwenye friji.

Mama mkwe anataka apewe maji ya glukosi na dawa ya mchango.

Mwambie kwa heshima, na ikibidi mwite muuguzi amwambie, maana neno la muuguzi lina uzito ambao la mkamwana halina. Utumbo wa njiti ni mchanga kuliko yeye mwenyewe. Kuna ugonjwa mbaya ambapo ukuta wa utumbo huvimba na sehemu yake kufa, na njiti ndio wanaoupata zaidi. Maziwa ya mama ni mojawapo ya kinga kubwa zilizopo. Maji, uji mwepesi, asali, mitishamba na glukosi vinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo linaloingiza mililita 20, na vinaweza kuleta vijidudu. Bibi ana kazi kubwa ya kufanya, nayo ni kumfulia, kumpikia na kumlaza mama. Mpe hiyo.

Maziwa ya kopo je?

Yapo mazingira ambayo daktari atayaandika, kama vile mama amefariki, ni mahututi, au ana dawa zinazozuia kunyonyesha. Kwa njiti kuna aina maalumu, tofauti na kopo la dukani. Unga wa maziwa ya kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, hivyo maji ya moto na usafi ni lazima, na gharama yake ikianza haiishi. Ukiambiwa uyanunue, uliza sababu, uliza ni kwa muda gani, na endelea kukamua ili mlango wa kurudi usifungwe.

Mtu akikupa kopo la bure au kijikaratasi chenye picha ya mtoto mnene ndani ya hospitali, jua kwamba kanuni za kimataifa za mwaka 1981 za uuzaji wa maziwa mbadala zilitungwa kuzuia jambo hilohilo. Kenya ina sheria yake kamili ya mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni zake. Una haki ya kukataa, na ya kuripoti.

Nimeambiwa kuna maziwa ya mama mwingine. Ni salama? Na dini inasemaje?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwanza maziwa ya mama mwenyewe. Yakikosekana, yanafuata ya mama mchangiaji yaliyopitia benki ya maziwa. Benki humpima mchangiaji magonjwa kama VVU, homa ya ini na kaswende, kisha huyapasha maziwa nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30. Benki ya kwanza Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi. Kupeana maziwa kienyeji wodini, bila vipimo, ni jambo jingine kabisa, hata kama jirani yako wa kitanda ni mtu mwema.

Kwa Waislamu swali la pili ni zito. Mtoto anayenyonya kwa mama mwingine anaweza kuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wa mama huyo, na ndoa kati yao ikawa haramu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, ni kunyonya mara tano zilizotengana, ndani ya miaka miwili. Wanazuoni hawakukubaliana kuhusu benki: Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilizikataa mwaka 1985, na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti likaruhusu mwaka 2004 pale penye haja. Wengi wanaolegeza husema shida kubwa ni kuchanganya maziwa ya wanawake wasiojulikana. Basi uliza wodini kama mchangiaji anaweza kujulikana na kuandikwa, na mpigie shehe wako simu mapema, kabla ya usiku wa dharura. Hospitali zinazotaka benki zifanikiwe ukanda huu zingekaa na masheikh kabla ya kununua majokofu.

Nina VVU. Nimnyonyeshe?

Ndiyo, kama uko kwenye dawa na unazimeza ipasavyo. Maziwa yako pekee miezi sita ya mwanzo, na mtoto apewe dawa yake ya kinga. Kwa njiti kipimo cha dawa hiyo kinafuata uzito na wiki zake, kwa hiyo hakikisha wodi ya watoto inajua hali yako. Faili la leba halitembei lenyewe.

Kangaruu inahusiana nini na kulisha?

Inahusiana sana. Mtoto anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, amefungwa kwa kitambaa, saa nyingi kadiri inavyowezekana. Huduma hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa Dk. Edgar Rey Sanabria, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapasha joto. Mtoto akiwa na joto hatumii nguvu zake kujipasha, anazitumia kukua. Na mama ambaye mtoto yuko kifuani hutoa maziwa zaidi, na hutambua njaa kabla ya kilio.

Zamani walisubiri mtoto atengemae ndipo aende kangaruu. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, uliwaweka watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa asilimia 12 kwao, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilionekana wazi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mapendekezo yake.

Angalia kilichohitajika ili hilo liwezekane: kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto mahututi. Katika hospitali nyingi mama bado analala jengo jingine, au anaruhusiwa na kuambiwa awe anakuja. Kwa maoni yangu hospitali yenye mashine sita mpya na isiyo na kitanda hata kimoja cha mama haijapanga kulisha njiti. Unaposikia harambee ya vifaa, uliza vitanda, sahani za chakula cha mama na choo.

Likizo yangu itaisha mtoto akiwa bado wodini. Nifanyeje?

Tanzania hili limebadilika, na waajiri wengi hawajui. Sheria ya ajira inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja. Kwa mama wa njiti wa wiki 28, nyingi ya siku hizo zilikuwa zinaliwa na wodi. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na mwanamke aliyezaliwa njiti mwenyewe, ilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele miaka mingi.

Mei Mosi 2024 huko Arusha, Serikali ilitangaza kwamba kipindi cha uangalizi maalumu kisiwe sehemu ya likizo ya uzazi. Mama wa njiti apewe na muda uliobaki kufikisha wiki 40 za ujauzito. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yakalipeleka jambo hili kwenye sheria ya ajira, hata kwa sekta binafsi. Ukijifungua wiki ya 30, zilizobaki ni wiki 10. Ndipo zinafuata siku zako 84. Tangazo lile lilimpa pia baba siku saba badala ya tatu, na mama akirudi kazini aruhusiwe kutoka saa 7 mchana kwa miezi sita. Nje ya hayo, kifungu cha 33 cha sheria ya ajira kinampa kila mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Zanzibar ina sheria yake, usichukue hii ukaipeleka huko.

Omba kwa maandishi. Ambatisha barua ya hospitali inayotaja wiki za ujauzito siku ya kujifungua. Wengi hupewa barua yenye uzito tu, afisa utumishi akairudisha.

Kenya likizo ya kisheria ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia, pamoja na mapumziko yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Chumba hicho si choo. Ukionyeshwa choo, kataa.

Baba anaweza kusaidia nini kwenye kulisha?

Kangaruu anaweza, kifua chake kina joto lilelile. Anaweza kubeba vikombe, kuandika saa za mkamuo, kumwamsha mama saa tisa usiku kwa chai. Na akae na ndugu wanaotaka kuja wote kuona.

Gharama je?

Sera ya Tanzania inawasamehe wajawazito na watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma. Vitakavyokutoa jasho ni nepi, nauli na chakula chako. Ukikwama, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Wamempa matone ya chuma na vitamini. Maziwa yangu hayatoshi?

Yanatosha kwa mengi, ila mtoto huhifadhi chuma wiki za mwisho tumboni, na wako hakuzipata. Kwa kawaida chuma huanza karibu wiki ya pili, miligramu 2 mpaka 4 kwa kilo kwa siku, na huendelea mpaka miezi sita. Kipimo hubadilika akinenepa, kwa hiyo kila kliniki uliza kama ni kilekile.

Tumeruhusiwa. Ni dalili zipi za kurudi mbio?

Matapishi ya kijani. Tumbo kujaa na kuwa gumu. Damu kwenye choo. Kukataa milo miwili mfululizo. Kulegea, kuwa wa baridi au wa moto, kusitisha pumzi, midomo kuwa ya bluu, njano ya macho au ngozi kuongezeka. Usisubiri asubuhi, na mtoe nyumbani akiwa kifuani.

Aanze uji lini?

Kwa njiti wengi umri wa kula huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto aliyewahi kwa wiki kumi, akiwa na miezi sita ya kalenda, mwili wake uko kwenye miezi mitatu na nusu hivi: shingo haijakaza, ulimi bado unasukuma kijiko nje. Zungumza na kliniki, na angalia kama anaweza kukaa kwa kuegemezwa na kuinua kichwa mwenyewe. Andika tarehe mbili juu ya kadi yake, ya kuzaliwa na ya matarajio, kwa kalamu isiyofutika, ili muuguzi asiyemjua asikulaumu kwamba mtoto amechelewa.